Jalada la mbali, waya mwembamba

Wahenga walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Hawakuwa na kompyuta, lakini maneno yao yamekuja kuifaa kazi ambayo hawakuiota. Leo hii, katika ofisi nyingi za umma, kuanzia Unguja na Pemba hadi miguuni mwa Mlima Meru, jalada la mwananchi halikai tena katika kabati lililo nyuma ya mgongo wa karani. Linakaa ndani ya mashine iliyo mbali, pengine katika mji mwingine, na karani hulifikia kwa njia ya waya au kwa mawimbi ya hewani. Njia hiyo ikiwa pana na nzima, kazi hupendeza. Ikiwa nyembamba, au ikikatika, mwananchi huambiwa maneno ambayo sasa yamekuwa kama wimbo: mtandao hauko, njoo kesho.

Tunataka leo kuyachunguza maneno hayo, kwa sababu mwananchi anayeambiwa arudi kesho amekwisha kulipa nauli ya leo. Shabaha yetu si kuwalaumu makarani, ambao aghlabu hawakushauriwa mitambo ilipokuwa ikinunuliwa. Wala hatukubali kwamba kosa lote ni la waya. Kwa maoni yetu kosa kubwa zaidi limo katika namna tulivyoipanga kazi yenyewe: tumechukua utaratibu uliotungwa kwa ajili ya jengo moja, tukauvusha bahari na milima bila kuupima.

Kwa nini Arusha

Msomaji wa visiwani huenda akauliza: Arusha inatuhusu nini katika jambo hili? Inatuhusu kwa sababu mbili.

Kwanza, Arusha ni mji wa majalada. Hapo ndipo yalipokuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ya kwanza, kuanzia 1967 mpaka ilipovunjika 1977, na hapo ndipo yalipo makao makuu ya Jumuiya ya sasa, iliyoundwa kwa mkataba uliotiwa saini mjini humo tarehe 30 Novemba 1999. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imekuwa na makao yake hapo tangu 2007. Na kabla yake ilikuwapo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama tarehe 8 Novemba 1994, ikafanya kazi katika jumba la mikutano la AICC hadi ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015. Shughuli zilizobaki zilikabidhiwa chombo kingine cha Umoja wa Mataifa, chenye majengo yake Lakilaki, nje kidogo ya mji. Vyombo hivi vyote huishi kwa karatasi na kumbukumbu, na wenye haja na kumbukumbu hizo wengi wao wako mbali na Arusha.

Pili, vijiji vya Mlima Meru ni visiwa. Mlima huo una kimo cha zaidi ya mita 4,500, na umezungukwa na makorongo yaliyochimbwa na mito. Mtu wa Ngare Nanyuki, upande wa nyuma wa mlima, humwona jirani yake wa ng'ambo ya korongo kama mtu wa Kojani anavyouona mwambao wa Pemba: kwa macho ni karibu, kwa miguu ni safari. Minara ya simu nayo huzuiwa na migongo ya mlima. Mjini, karibu na barabara ya Moshi, mtandao huenda mbio. Ukipanda mlima, unapungua mpaka unabaki uzi. Yatakayofaa huko yatafaa Tumbatu, Kojani na Makoongwe.

Watu wa Meru, fauka ya hayo, wanajua tangu zamani maana ya shauri lako kuamuliwa mbali. Mwaka 1951 waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York kulieleza shauri hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Safari ile ilikuwa ya lazima kwa wakati wake. Haifai mjukuu wa wakati huu afunge safari kwa ajili ya ukurasa mmoja tu wa jalada.

Masjala na tarishi

Sasa tulieleze jambo lenyewe, na tulieleze kwa lugha ya ofisi. Katika ofisi ya zamani, afisa akitaka jalada humwagiza karani wa masjala. Tarishi huenda, hulichukua jalada zima, na kulileta mezani. Afisa hufungua folio moja baada ya nyingine, husoma, huandika dokezo lake, kisha jalada hurudi masjala. Safari za tarishi ni mbili tu, hata jalada likiwa nene namna gani.

Utaratibu wa kompyuta uitwao NFS, uliotungwa mwaka 1984 katika kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, haufanyi hivyo. Wenyewe haulileti jalada zima. Humtuma tarishi kwa kila jambo dogo: nenda kaulize kama jalada lipo, nenda kaulize lina ukubwa gani, nenda kaulize kama afisa huyu ana ruhusa, nenda kalete kipande cha kwanza, nenda kalete cha pili. Jalada refu huweza kumtembeza tarishi mamia ya safari. Masjala ikiwa chumba cha pili, hakuna anayeona taabu hiyo, kwa kuwa tarishi huyu ni mwepesi kupita kiasi. Katika waya wa ndani ya jengo, wa kupitisha biti milioni 10 kwa sekunde kama ilivyokuwa desturi ya miaka ile, kipande cha baiti 8,192 hupita kwa muda usiofika sehemu moja ya mia ya sekunde. Afisa husahau kabisa kwamba jalada haliko kwake. Na hasa hilo ndilo lililokuwa kusudi la watunzi: jalada la mbali lionekane kama la karibu.

Lakini kuonekana karibu si kuwa karibu. Mchukue tarishi yuleyule, umwambie masjala imehamia ng'ambo ya korongo, na daraja ni gogo la mti mmoja ambalo watu huvuka mmoja mmoja. Hiyo ndiyo njia ya waya mwembamba, ambamo biti hupita moja baada ya moja. Waya wa simu wenye modemu ya biti 9,600 kwa sekunde hupitisha baiti 960 tu kila sekunde, kwa kuwa kila baiti huvishwa alama ya mwanzo na ya mwisho, ikawa biti 10. Kipande kilekile cha baiti 8,192, kilichopita ndani ya jengo kama umeme wa radi, sasa chahitaji sekunde 8 na nusu. Kwa modemu ya biti 28,800 chahitaji karibu sekunde 3. Jalada lenye vipande 100 litachukua, kwa modemu ile ya kwanza, zaidi ya dakika 14, na hapo hatujahesabu maswali yanayotangulia.

Asije mtu akadhani kwamba haya ni mambo ya makumbusho. Vimodemu vile vidogo vya kuchomeka ubavuni mwa kompyuta, ambavyo maafisa wetu wamevibeba miaka mingi kwenda navyo vijijini, vingi vyao huzungumza na kompyuta kwa itifaki ya PPP, iliyotungwa kwa ajili ya nyaya hizohizo za biti moja baada ya moja. Mawimbi yakiwa dhaifu, kompyuta mpya hurudi kwenye mwendo wa zamani.

Ubaya wa kuuliza mara mbili

Uchelewaji peke yake ungeweza kuvumilika. Wazee wetu walingoja majahazi mpaka upepo ugeuke. Kinachoharibu kazi ni kukosa subira kwa mashine.

NFS ya awali ilituma maombi yake bila njia ya kuaminika ya kujua kama yamefika. Basi iliwekewa muda wa kungoja: jibu lisipofika, uliza tena. Katika mitambo mingi muda huo ulikuwa kama sehemu saba za kumi za sekunde, kisha huongezwa maradufu kila mara. Ndani ya jengo huo ni muda mrefu mno. Lakini tumeona kwamba katika waya wa biti 9,600 jibu lahitaji sekunde 8 na nusu. Kwa hiyo, kabla jibu la kwanza halijamaliza kuvuka daraja, ombi limekwisha kutumwa mara nne. Masjala, ambayo haina habari ya msongamano, hutoa nakala nne za kipande kimoja na kuzipanga zote darajani. Waya utashughulika sekunde 34 kwa kazi ya sekunde 8. Wakiwapo makarani watano wanaofanya hivyo kwa pamoja, daraja litajaa watu waliobeba mzigo uliokwisha fika. Hapo ndipo afisa husema waya ni mbovu, na kumbe waya unafanya kazi bila kupumzika, ila unafanya kazi ya bure.

Kuna shida nyingine iliyoungana na hiyo. Kipande cha baiti 8,192 hakipiti kizima katika njia nyembamba. Hukatwa vipande vidogo, ambavyo katika nyaya za simu huweza kuzidi 30. Kimoja tu kikipotea, vyote hutupwa na kazi huanza upya. Tuseme kwamba katika kila vipande 100 hupotea kimoja tu, jambo ambalo katika waya mbovu ni afadhali. Hesabu yaonyesha kwamba zaidi ya robo ya majibu yote yatakuwa na upungufu, na yatalazimika kutumwa tena. Hasara ya mmoja katika mia imekuwa hasara ya mmoja katika wanne.

Amana ya maandishi

Mpaka hapa tumesema juu ya mwendo. Sasa tuseme juu ya uaminifu, ambao kwetu sisi ni mzito zaidi. Jalada ni amana. Mwananchi amekabidhi ndani yake jina lake, umri wake, mpaka wa shamba lake na miaka yake ya utumishi. Amana ikichelewa, mwenyewe atanung'unika. Amana ikibadilika, mwenyewe amedhulumiwa.

Itifaki ya zamani ya waya wa simu iitwayo SLIP, iliyochapishwa mwaka 1988, haikuwa na namna yoyote ya kukagua kama baiti zimefika salama. NFS nayo, katika mitambo mingi ya wakati ule, ilizimiwa ukaguzi wake ili iende kwa kasi, kwa sababu ndani ya jengo waya wenyewe ulikuwa na ukaguzi wa kutosha. Walioyaunganisha mambo hayo mawili walijikuta na njia isiyo na mlinzi hata mmoja. Kelele ndogo katika waya yaweza kuigeuza tarakimu, ikasomwa 7 palipoandikwa 1, na hakuna kengele itakayolia. PPP ililiondoa pengo hilo kwa kuambatisha tarakimu za ukaguzi katika kila furushi. Lakini funzo limebaki: utaratibu uliokuwa salama mahali pamoja waweza kuwa hatari mahali pengine, bila ya kubadilishwa hata herufi moja.

Tufikiri pia juu ya jambo la kufuta. Karani aamuru jalada la zamani lifutwe. Masjala yalifuta na kutoa jibu, lakini jibu lapotea njiani. Mashine, kwa kukosa subira, yauliza tena, na sasa masjala yajibu kwamba jalada hilo halipo. Karani aona kosa mahali ambapo kazi imefanyika sawasawa. Kusoma mara mbili hakudhuru, lakini kufuta mara mbili, kulipa mara mbili na kusajili mara mbili hudhuru. Kila mtambo wa umma lazima uweze kutambua kwamba ombi hili ni lilelile la jana.

Na waya ukikatika katikati ya kazi, watunzi walitoa njia mbili, na zote zina uchungu. Njia ya kwanza ni kungoja bila ukomo: kompyuta huganda, karani hukaa mikono mitupu, na foleni hurefuka mpaka waya urudi. Njia ya pili ni kukata tamaa baada ya muda: kompyuta huachilia, lakini jalada lililokuwa likiandikwa huweza kubaki nusu, kichwa bila miguu. Mafundi wengi, kwa insafu, hushauri kungoja pale panapoandikwa, kwa kuwa kuganda kwaonekana na jalada nusu halionekani. Sisi twasema kwamba ofisi ya umma isiachwe kuchagua baina ya mabaya hayo mawili.

Hata waya mnene

Watakuwapo watakaosema kwamba dawa ni moja: leteni waya mnene. Tunakubali kwamba uletwe, na tunashukuru kwa uliokwisha letwa. Kabla ya 2009 mwambao wetu haukuwa na waya wa kimataifa wa mwanga chini ya bahari, na mawasiliano na ng'ambo yalitegemea setilaiti. Julai 2009 waya wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Hali ilibadilika sana.

Lakini upana wa barabara haufupishi safari. Setilaiti zile hukaa angani kimo cha kilomita 35,786 juu ya ikweta, na swali likipanda na kushuka, kisha jibu likapanda na kushuka, hupita karibu nusu sekunde hata njia ikiwa pana kama bahari. Afisa akifungua orodha ya majalada 200, na mashine ikauliza habari za kila moja peke yake, atangoja sekunde 100. Ukimnunulia njia pana mara kumi, atangoja sekunde zilezile 100. Dawa yake ni kuuliza mara moja kwa majalada yote.

Wala waya mnene si waya wa milele. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika zote mbili upande wa pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Sisi wa visiwani hatukuhitaji somo hilo. Twakumbuka mwezi Mei 2008, njia moja ya umeme itokayo Bara ilipoharibika na Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima. Twakumbuka Desemba 2009 mpaka Machi 2010, giza lilipotushika miezi mitatu. Waliokuwa na jenereta zao waliuza barafu, na wasiokuwa nazo walitupa samaki. Tangu hapo kila mtu wa Unguja anajua kwamba njia ikiwa moja, aliye mwisho wa njia hana budi kuwa na akiba.

Waliotutangulia

Arusha yenyewe ilikuwa na dawa kabla ya nyaya hizi. Katika miaka ya 1990 palikuwapo mjini humo kituo kilichoitwa Arusha Node Marie, ambacho baadaye kilikuja kujulikana kama Habari Node, kilichopeleka na kupokea barua za kompyuta kwa nyaya za simu za wakati ule. Vituo vya namna hiyo vilikuwapo pia kwa jirani zetu: kile cha Chuo Kikuu cha Makerere kilibadilishana barua na GreenNet ya London kwa utaratibu wa FidoNet, uliobuniwa Marekani mwaka 1984 na Tom Jennings.

Busara ya utaratibu huo ilikuwa nyepesi. Hakuna aliyejaribu kuisoma barua huku ikiwa bado London. Barua ziliandikwa kwa raha bila simu, zikakusanywa, zikafungwa zikawa ndogo, kisha kompyuta ikapiga simu kwa saa iliyopangwa, aghlabu usiku, ikazituma zote kwa mkupuo, ikapokea za upande wa pili, na kukata. Hata itifaki za kupelekea majalada zilijifunza adabu hiyo: Zmodem, iliyotungwa mwaka 1986 na Chuck Forsberg, iliweza kuendelea pale ilipokatikia badala ya kuanza upya. Simu ya Arusha ilikatika mara nyingi, lakini barua zilifika.

Wataalamu wa dunia nao wamefika mlango huohuo. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, mtambo wa Coda ulitungwa mwishoni mwa miaka ya 1980 ili mtu aendelee kufanya kazi katika nakala aliyo nayo wakati waya umekatika, kisha mabadiliko yake yapelekwe waya urudipo. Mwaka 1996, huko Australia, Andrew Tridgell na Paul Mackerras walitoa rsync, ambayo hulinganisha jalada la huku na la kule kwa tarakimu za ukaguzi, na kutuma sehemu zilizobadilika tu. Ukibadilisha mistari miwili katika jalada la kurasa mia, hupita mistari miwili na hesabu kidogo. Mwaka 2001 mtambo wa LBFS, ulioandaliwa kwa ajili ya nyaya nyembamba hasa, ulichukua fikra hiyo na kuitia ndani ya utaratibu wa majalada wenyewe: kipande kilichokwisha kuwapo upande wa pili hakitumwi tena, hata kikiwa ndani ya jalada jingine.

Na tusiwatazame wageni peke yao. Kenya ilipoeneza mtambo wa takwimu za afya wa DHIS2 nchi nzima mwaka 2011, iligundulika haraka kwamba vituo vingi havikuwa na mtandao wa kutegemewa. Mtambo ulifanyiwa marekebisho ili mhudumu ajaze fomu yake mtandao ukiwa umekatika, takwimu zikae ndani ya kompyuta yake, na zitumwe mtandao urudipo. Zanzibar pia imetumia mtambo wa ukoo huo wa DHIS katika takwimu zake za afya tangu miaka ya 2000. Basi njia hii si ngeni kwetu. Tuliosoma chuoni tunaijua tangu utotoni: mwanafunzi aliandika somo lake katika ubao wake, akalisoma popote alipo, na kurudi kwa mwalimu kusahihishwa. Hakukimbilia msahafu wa mwalimu kwa kila herufi.

Pingamizi

Kuna pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba nakala nyingi huzaa ugomvi. Karani wa Usa River abadilishe jina katika nakala yake, na karani wa mjini abadilishe jina hilohilo kwa namna nyingine. Ipi ni kweli? Pingamizi hii ni ya haki. Coda yenyewe ilikutana nayo, na wakati mwingine mtu lazima aketi na kuamua. Kwa hiyo si kila jambo lifaalo nakala. Salio la fedha katika akaunti, au uhamisho wa kiwanja kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, lazima uamuliwe mahali pamoja. Lakini mambo hayo ni machache yakilinganishwa na kusoma, kupokea maombi, kusajili kizazi na kujaza takwimu, ambayo ndiyo yanayojaza foleni za asubuhi.

Ya pili ni siri. Nakala ikiwa wilayani, yaweza kuibwa na kompyuta yake. Hiyo nayo ni kweli, na dawa yake ni kuifunga nakala kwa maandishi ya siri yasiyosomeka bila ufunguo, na kuweka wilayani majalada ya wilaya hiyo tu. Kabati la zamani nalo liliweza kuvunjwa. Hatukuacha kuwa na makabati, tuliyatia kufuli.

Tunayoyataka

Kwa hayo, tunawaomba viongozi na watendaji wanaonunua mitambo ya umma wayazingatie mambo yafuatayo.

Kwanza, mtambo upimwe kwenye kituo cha mwisho wa njia kabla haujalipiwa. Mtambo ulioonyeshwa katika ukumbi wenye waya mnene haujaonyeshwa. Upelekwe Ngare Nanyuki, upelekwe Kojani, na mwuzaji aketi pale siku nzima ya mvua.

Pili, kila ofisi iwe na nakala ya majalada yake, na iweze kupokea shida ya mwananchi waya ukiwa umekatika. Mwananchi apewe stakabadhi yenye nambari, ili kazi iliyobaki iwe ya ofisi na isiwe yake.

Tatu, yatumwe mabadiliko peke yake, yatumwe kwa mkupuo, na yaendelee pale yalipokatikia.

Nne, kila kilichotumwa kikaguliwe kwa tarakimu, na kila ombi liwe na nambari yake, ili likirudiwa litambulike.

Tano, panapowezekana njia ziwe mbili, tena zisipite mahali pamoja.

Jina la Arusha limefungamana katika historia yetu na neno kujitegemea, tangu Azimio la Februari 1967. Wengi hulisoma neno hilo kama habari ya mashamba na viwanda. Sisi twaona kwamba lina kazi pia mezani kwa karani. Ofisi inayokufa kila waya unapokatika haijitegemei, hata ikiwa na kompyuta za namna gani. Ofisi inayojitegemea huuthamini waya na kuutumia vyema, lakini siku waya usipokuwapo bado yaweza kumwambia mwananchi: tumepokea, jalada lako ni hili, nenda salama, zilizobaki ni kazi zetu. Akiba haiozi, na akiba ya maandishi haina hata gharama ya ghala. Kinachohitajika ni watendaji wakubali kuipanga kazi kwa kipimo cha mtu aliye mbali kuliko wote.